Ekari moja ya umma Kisumu: soko, uwanja, nyumba au steji?

Kaunti ikibandika tangazo la kuomba maoni kuhusu kiwanja chake, watu hufika barazani na jibu tayari mdomoni. Wachuuzi wanataka soko, vijana wanataka uwanja, wenye matatu wanataka steji, na afisa aliyetumwa ana mchoro wa nyumba za ghorofa kwenye kompyuta yake. Yanayosahaulika ni maswali mawili yanayopaswa kutangulia: kiwanja chenyewe kimeandikishwa kama nini, na nani atakilipia kila mwezi baada ya utepe kukatwa.

Hapa tunachukua kipande cha ekari moja, yaani mita za mraba 4,047, kwenye mtaa wa Kisumu wenye udongo mweusi, tuseme upande wa Nyalenda au Nyamasaria, na kuyapima matumizi hayo manne. Idadi tunazotoa ni makadirio ya kukusaidia kuuliza maswali. Mwenye kipande kikubwa au kidogo azidishe au agawanye.

Karatasi kabla ya mchoro

Ibara ya 62 ya Katiba inaiweka ardhi ya umma ya kaunti mikononi mwa serikali ya kaunti kwa amana ya wakazi wake, na Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo inayoisimamia kwa niaba yao. Kaunti basi ni mdhamini. Lakini udhamini huo una nguvu pale tu kipande kimepimwa, kina bikoni, na kimesajiliwa kama ardhi iliyotengwa kwa umma. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi viwanja vya michezo, masoko na hata vyoo vya umma vilivyogawiwa watu binafsi kote nchini, na vipande visivyokuwa na karatasi ndivyo vilivyokuwa mawindo rahisi.

Anza na nambari ya kipande. Kama tangazo halina nambari, iombe kwa barua kabla ya kusema neno lolote kuhusu matumizi. Ukishaipata, fanya utafutaji rasmi kwenye masijala ya ardhi, kisha uone ramani ya upimaji kwa wapima ardhi wa serikali, na mwisho uulize idara ya mipango ya kaunti ramani ile ambayo maofisa huiita PDP (Part Development Plan), inayoonyesha kipande kilipangiwa matumizi gani. Karatasi hizo tatu zikipingana, na hutokea, usipuuze. Utafutaji ukionyesha mkodishaji binafsi huku PDP ikisema "uwanja wa wazi", mna kesi ya ardhi mbele yenu, na mjadala wa soko au uwanja usubiri.

Kisumu ina mtego wake wa ziada: reli. Sehemu kubwa ya ardhi iliyo wazi karibu na ziwa na kando ya njia ya reli inadaiwa na Shirika la Reli, na ubomozi wa Kibos mwezi Februari 2021 ulionyesha jinsi madai hayo yanavyoweza kutekelezwa kwa tingatinga. Ardhi iliyotengewa barabara pia si ya kaunti kuijengea soko la kudumu ikiwa barabara yenyewe iko chini ya mamlaka ya kitaifa. Mito nayo ina haki yake: Auji, Wigwa na Kisat zote zinapita kwenye mitaa yenye watu, na kanuni za mazingira zinaweka ukingo usiojengwa wa mita 6 hadi 30 kila upande, kutegemea upana wa mto na alama ya juu kabisa ya mafuriko. Ekari moja yenye mto pembeni inaweza kubaki robo tatu. Pimeni kwa futi kamba kabla ya kuanza kugawana vibanda.

Kama kipande kilitengwa kwa matumizi fulani, kukitumia vingine kunahitaji ruhusa ya kubadilisha matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, na umma lazima ujulishwe. Hapo ndipo wakazi wana nguvu zaidi, na hapo ndipo wengi hukosekana kwa sababu tangazo limebandikwa kwenye mti ambao hakuna anayepita.

Kinachoingia kwenye ekari moja

| Matumizi | Kinachoingia | Mapato kwa kaunti | Kubadilisha baadaye |
|---|---|---|---|
| Soko la chini, bila ghorofa | Meza 350 hadi 400 za mita 2 kwa 2 | Ushuru wa kila siku | Inawezekana, kwa vita na wachuuzi |
| Uwanja wa wazi | Kiwanja cha soka ya watu watano, cha mpira wa kikapu, eneo la watoto, miti 50 hivi | Karibu hakuna | Rahisi mno, na hiyo ndiyo hatari yake |
| Nyumba, sakafu tano | Nyumba 130 hadi 140 za mita za mraba 40 | Mara moja tu, kisha kodi ndogo | Haiwezekani tena |
| Steji au maegesho | Matatu 60 hadi 70, au magari madogo 120 | Ada za kila siku au mwezi | Rahisi, ukilipa kung'oa kabro (matofali ya sakafu) |

Wanaotaka uwanja wa soka wajue mapema: kiwanja kamili cha mita 105 kwa 68 kinakula mita za mraba 7,140, karibu ekari moja na robo tatu kabla hujaweka hata nafasi ya kukimbilia mpira uliotoka. Hakiingii. Kiwanja cha soka ya watu watano, mita 40 kwa 20, kinaingia vizuri, na cha kikapu cha mita 28 kwa 15 kinakaa pembeni yake.

Soko

Soko ndilo ombi la kwanza la karibu kila mtaa, na ndilo linaloharibika kwa njia nyingi zaidi. Kwa hiyo tukae hapa kidogo.

La kwanza ni mahali. Mteja wa jioni anashuka kwenye matatu au tuktuk, ananunua omena, nyanya na sukuma akielekea nyumbani, na hana nia ya kugeuka. Soko likijificha mita 200 ndani, nyuma ya ukuta, mchuuzi atarudi kando ya lami kabla mwezi haujaisha, na kanjo watakuwa na kazi ya kumfukuza kutoka pale pale wateja walipo. Kabla ya kuunga mkono soko, simama kwenye kipande saa kumi na mbili jioni, siku ya kazi, uhesabu watu wanaopita kwa nusu saa. Kisha fanya hivyo hivyo pale wachuuzi wanapouzia sasa. Tofauti ikiwa kubwa, mchoro mzuri hautaiziba. Jumapili usihesabu, kwa maana Kibuye huvuta mji mzima siku hiyo.

Ghorofa ya juu inafaa fundi cherehani, kinyozi, nguo na ofisi ya chama. Haifai mboga. Hakuna mtu anayepanda ngazi kutafuta nyanya zinazouzwa mlangoni, na mwenye meza ya juu atashuka na kikapu chake hadi kwenye ngazi, kisha njia yote izibe. Mkiletewa mchoro wa soko la ghorofa mbili, ulizeni ni nani kwa jina la biashara atakaa juu. Jibu likiwa "wachuuzi", rudisheni mchoro.

La pili ni maji ya juu na ya chini. Paa la mita za mraba 2,700 likinyeshewa milimita 40 za ile mvua ya alasiri linamwaga lita 108,000. Zikishuka ndani ya saa moja, ni lita 30 kila sekunde. Tangi la lita 10,000, ambalo kila mkandarasi hulitaja kwa fahari kama "uvunaji wa maji", linajaa kabla milimita nne hazijafika. Yanayobaki yanahitaji mtaro unaoongoza kwenye mkondo mkubwa wa jiji, si kwenye uga wa jirani. Ombeni mchoro uonyeshe mtaro unakoishia, na si unakoanzia tu. Vifuniko vya mitaro viwe vya zege, vipande vya sentimita 60 kwa 30 vinavyonyanyuliwa na watu wawili wakati wa kuzoa tope. Vya chuma huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Paa lenyewe liwe juu, angalau mita 3.5 kwenye kingo, na liwe na mwanya kwenye mgongo wa kupitisha hewa moto. Mabati ya chini kwenye joto la Kisumu huchemsha mboga saa nane mchana, na wachuuzi wataanza kufunga maturubai nje. Meza za samaki ziwe za zege lililosuguliwa, zenye mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita, na ziwekwe upande wa chini wa kipande karibu na bomba na mtaro. Nafaka zikae upande wa juu, mkavu. Wakipangwa kinyume, maji ya mbuta yanapita chini ya magunia ya mahindi, na ugomvi huo hauishi.

Vyoo: wachuuzi 400 wakienda mara tatu kwa siku, lita 7 kila mara, ni lita 8,400 kabla hujahesabu mteja hata mmoja. Tangi la lita 10,000 basi halimalizi siku ya pili maji ya bomba yakikatika. Ama tangi liwe kubwa zaidi, ama pachimbwe kisima, ama choo kisitegemee maji mengi. Chagueni moja kwa maandishi. Wanawake ndio wengi sokoni, kwa hiyo milango yao iwe mingi kuliko ya wanaume. Michoro mingi hugawa nusu kwa nusu kana kwamba haijui nani anauza mboga.

Taka: meza 200 za mboga zikitupa kilo tatu kila moja ni kilo 600 kwa siku, kama mita mbili za ujazo za uchafu mbichi. Kontena la mita saba za ujazo linajaa siku ya tatu au ya nne. Lori likija mara moja kwa wiki, zile siku tatu za mwisho taka ziko chini. Jiji lililosumbuliwa na jaa la Kachok kwa miaka mingi halihitaji kuelezwa zaidi.

Halafu kuna orodha. Kabla mtu hajachimba msingi, wachuuzi waliopo waandikwe: jina, nambari ya kitambulisho, bidhaa, na mahali anapouzia sasa. Orodha ipigwe muhuri na msimamizi wa wadi, ibandikwe wazi kwa wiki mbili ili watu wapinge majina hewa, na nakala ibaki kwa wachuuzi wenyewe. Bila hiyo, siku ya ufunguzi meza zitakuwa na wenyewe wasiojulikana, na mama mboga atakodi kutoka kwa mtu wa pili. Orodha hiyo hiyo itaje mahali pa muda pa kuuzia wakati wa ujenzi, na tarehe. Ujenzi ulioahidiwa miezi minane huchukua zaidi, na mahali pa muda bila choo hugeuka kuwa pa kudumu.

Sasa pesa. Tuseme ushuru ni shilingi 50 kwa siku. Kiwango halisi kiangaliwe kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka huo. Meza 400 kwa siku 26 ni shilingi 520,000 kwa mwezi zikilipa zote, na zikilipa nusu ni 260,000. Inaonekana inatosha walinzi, wafagiaji, stima na maji. Lakini kwa Ibara ya 207 ya Katiba fedha hizo huingia kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti, na haziwi za soko lenu kwa sababu tu zilikusanywa hapo. Balbu ikiungua, inangoja bajeti. Kwa hiyo sharti la soko ni kuwa na mstari wa matengenezo kwenye bajeti ya jiji, na kamati ya soko inayojua kiasi cha mstari huo.

Uwanja wa wazi

Uwanja ni rahisi kujenga na mgumu kuulinda. Hauingizi pesa, kwa hiyo kila mwaka wa fedha unajikuta mwisho wa foleni, na kipande kisicho na shughuli kinaanza kualika shughuli: kwanza gereji ya bodaboda, kisha hema la mahubiri, kisha vibanda vitatu, kisha mtu mwenye barua ya ugawaji. Kinachouokoa uwanja ni usajili wake kama ardhi iliyotengwa, pamoja na watu kuwapo humo kila siku. Maua ya kupendeza hayatoshi.

Watu huja kukiwa na kivuli, maji, choo na taa. Kivuli huchukua miaka, kwa hiyo miti ipandwe kwanza, mwanzo wa mvua za Machi na Aprili, mita nane kutoka mti hadi mti, na kila mche uwe na kigingi na uzio mdogo wa kuzuia mbuzi. Kiangazi cha kwanza, Desemba hadi Februari, ndicho kinachoua. Miche 50 ikipewa lita 20 kwa wiki, wiki 12, ni lita 12,000. Ni kiasi kidogo, lakini lazima mtu awe ameandikwa kuyabeba. Udongo mweusi hupasuka Januari na kuwa tope Aprili, hivyo njia za miguu ziinuliwe kwa murram, na kiwanja cha kikapu kisimwagwe zege juu yake moja kwa moja. Udongo ung'olewe kwanza na kujazwa upya, la sivyo nyufa zitaonekana mwaka huo huo.

Uzio wa waya hukatwa. Kayaba ikipandwa kwa mistari miwili huwa ukuta wa miiba usioibika baada ya misimu michache, ingawa mtu asipoupogoa unageuka kichaka cha kujifichia. Geti mbili ni bora kuliko moja: wanawake na watoto hawapendi mahali penye njia moja ya kutokea. Mulika mwizi mmoja (mlingoti mrefu wa taa) katikati unaangaza ekari yote, lakini ukizimika yote inakuwa giza. Taa fupi kadhaa ni ghali kuzitunza ila hazifi pamoja.

Kwa gharama za kila mwezi, tunaona njia moja inayoshika: makubaliano ya maandishi kati ya Bodi ya Jiji na kikundi cha wakazi kilichosajiliwa, yakisema nani anafagia, nani analipa stima, na kioski gani kimoja au viwili vinaruhusiwa ndani ili vilipie mlinzi. Idadi ya vioski iandikwe. "Vioski vichache" huzaa soko.

Nyumba

Ekari moja ya sakafu tano inaweza kubeba familia 130 na zaidi, na hakuna matumizi mengine yanayoweka watu wengi hivyo karibu na kazi. Kwa kaunti yenye mitaa mikongwe ya kukodi, hoja hiyo si ndogo.

Lakini jueni mnachokubali. Nyumba za mpango wa kitaifa kwa kawaida zinauzwa kwa malipo ya muda mrefu kupitia Boma Yangu, jukwaa la serikali la mtandaoni. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inagawa wanunuzi kwa kipato: chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ni nyumba za kijamii, 20,000 hadi 149,000 ni za bei nafuu, na zaidi ya hapo ni za tabaka la kati. Swali la kuandika kwenye waraka ni hili: kati ya nyumba hizi, ngapi ni za kundi la kwanza? Mchoro usiotenga hata moja kwa watu wa chini ya 20,000 si wa majirani wengi wa kipande hicho. Na kila nyumba ikishapewa hati yake na kuuzwa, ardhi imetoka mikononi mwa umma kwa kizazi kizima. Hakuna baraza litakaloirudisha.

Kuna majitaka pia. Familia 135 za watu wanne, lita 80 kwa kila mtu, ni lita 43,200 kila siku. Ulizeni kwa barua kama bomba la KIWASCO, kampuni ya maji na majitaka ya Kisumu, lililo karibu linaweza kuzibeba, na lipo umbali gani. "Shimo la muda" kwenye udongo mweusi, ambako maji ya ardhini yako juu msimu wa mvua, litafurika barabarani. Msingi nao unahitaji mashimo ya kupima udongo kabla ya bei kutajwa. Bei iliyotolewa kabla ya mashimo hayo itapanda. Aidha, Kisumu jengo refu karibu na njia ya ndege huhitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ombi hilo linachukua muda.

Maoni yetu: nyumba zijengwe pale ambapo tayari pana nyumba za kaunti zilizochakaa, wapangaji waliopo wakiwa na barua ya kurudi. Kuzipeleka kwenye kipande pekee kilicho wazi mtaani ni kutatua tatizo moja kwa kuanzisha jingine.

Steji na maegesho

Hapa maneno machache yanatosha. Steji inafaulu ikiwa kwenye lami na SACCO za njia hiyo zimeandika kwamba zitaingia. Ikiwa nje ya njia, matatu zitaendelea kupakia barabarani na kiwanja kitakuwa cha kuoshea magari. Kwenye udongo mweusi, uliza kina cha kung'oa na murram itashindiliwa kwa tabaka ngapi. Sentimita 60 kwa tabaka za sentimita 15 si jambo la ajabu. Kabro za magari ziwe za milimita 80. Za milimita 60 ni za miguu, na zikikanyagwa na matatu zinazama msimu wa kwanza. Mtaro uwe na shimo la kunasa oili kabla ya maji kwenda mtoni. Maegesho ya magari madogo katika mtaa ambao wengi hupanda bodaboda ni zawadi kwa wachache, isipokuwa yatumike pia jioni kwa chakula na mitumba, kwa saa zilizoandikwa getini.

Hilo la saa ni bora kuliko suluhisho la "tuweke vyote". Robo soko, robo uwanja, robo steji na robo nyumba ni njia ya kupata vinne vibovu: soko dogo mno kuvutia wateja, uwanja usioweza kukimbiliwa, na moshi wa matatu juu ya meza za samaki.

Tungechagua vipi

Kama hicho ndicho kipande pekee cha wazi ambacho mtoto anaweza kukifikia kwa dakika kumi za kutembea, kiwe uwanja, na kisajiliwe kabla ya mti wa kwanza kupandwa. Kama wachuuzi tayari wako juu yake au kwenye lami inayokigusa, kiwe soko la chini, bila ghorofa, lenye orodha. Steji ije tu na barua za SACCO. Nyumba zingoje kipande kilichojengwa tayari. Wenye kipande kilicho ukingoni mwa mto hawana chaguo kubwa: ni miti, njia ya miguu na bustani, na maji yakipanda hakuna kinachobomoka.

Njia za kusema, na zinazofaa lini

Barazani unasikika haraka, lakini sauti isiyoingia kwenye kumbukumbu haipo. Orodha ya mahudhurio uliyotia sahihi inaweza baadaye kuonyeshwa kama ushahidi kwamba mlishirikishwa. Andika karibu na jina lako "napinga" au "naunga mkono kwa sharti". Omba nakala ya kumbukumbu kabla ya kuondoka, na kama haiko tayari, uiombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 kujibu, na ikikataa unaenda kwa Tume ya Haki za Utawala.

Waraka wa maoni ni bora kuliko hotuba. Kurasa mbili: nambari ya kipande, matumizi mnayotaka, sababu tatu zenye vipimo, masharti, majina na sahihi. Peleka nakala mbili, moja irudi na muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huna waraka.

Ombi rasmi chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 lina uzito zaidi, kwa kuwa kifungu cha 88 kinakupa haki ya kuliwasilisha na cha 89 kinailazimu kaunti kujibu. Kifungu cha 90 kinaruhusu hata kura ya maoni ya eneo kuhusu uamuzi wa mipango au uwekezaji, ombi likitiwa sahihi na asilimia 25 ya wapiga kura waliosajiliwa hapo. Ni kazi kubwa, lakini inafaa kutajwa mbele ya afisa anayeharakisha.

Kalenda ya bajeti inashinda hotuba zote. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mradi usiokuwa kwenye mpango wa Septemba hautakuwa na pesa Julai inayofuata, hata gavana akiuahidi jukwaani. Peleka waraka Julai au Agosti.

Ruhusa ya ujenzi ikishatolewa, rufaa huenda kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango ndani ya siku 14 tangu uamuzi, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hupingwa kwenye baraza la rufaa la mazingira (National Environment Tribunal) ndani ya siku 60. Ardhi ikitaka kugawiwa mtu au kampuni, Tume ya Ardhi inapaswa kutoa notisi ya angalau siku 30 kabla. Siku hizo 14 huhesabiwa kuanzia uamuzi ulipotolewa, si siku uliyousikia. Kwa hiyo mtu mmoja wa mtaa apewe kazi ya kupita ofisi ya mipango kila Jumatatu kuuliza kama nambari yenu ya kipande imetajwa.